Habari ya Trekta la Kale: Gharama Yake na Furaha Yake

Nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu habari ya kazi niliyoifanya kwa muda wa miaka miwili na miezi saba, nayo ni kulitengeneza upya trekta la kale lililokuwa limeachwa chini ya mkorosho hapa kwetu Kurui, katika wilaya ya Kisarawe. Siielezi kwa majivuno, maana katika habari hii mna aibu yangu pia, kama mtakavyoona. Lakini watu wengi wameniuliza, wengine kwa kutaka kujua, wengine kwa kunicheka, nilitumia fedha ngapi na nilipata faida gani. Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja kwa maandishi, kwani mwalimu akiulizwa swali moja na watu kumi, hulijibu ubaoni.

Yafaa kwanza wasomaji wa mbali waijue nchi yetu. Uzaramo ni nchi ya mchanga juu ya vilima, na ya udongo mweusi mabondeni. Juu twapanda mihogo, mikorosho na minanasi. Chini twapanda mpunga. Tangu zamani wazee wetu walilima kwa jembe la mkono tu. Katika nchi nyingine za bara watu walijifunza kulima kwa ng'ombe, lakini kwetu ng'ombe wa kulimia hawakuzoeleka, kwa sababu mbung'o walikuwa wengi maporini, na ugonjwa wao uliwaua ng'ombe. Basi sisi hatukupita katika daraja ile ya kati. Baada ya jembe la mkono lilikuja trekta moja kwa moja, nalo lilikuja kama mgeni asiye na ndugu: siku alipougua hapakuwa na wa kumwuguza.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 35, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, inayotumia dizeli. Matrekta ya namna hii yalitengenezwa Coventry, katika Uingereza, mpaka mwaka 1964. Wazee husema hili letu lilikuwa kwanza mali ya shamba la mkonge, kisha likaletwa kijijini katika miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, ili lilime shamba la wote. Likalima misimu michache. Halafu likakosa kipuri kimoja, kisha viwili. Dereva akahamia Dar es Salaam. Na katika miaka ya 1980 likavutwa mpaka chini ya mkorosho, likaachwa hapo.

Mimi nalizaliwa likiwa limekwisha kuachwa. Sisi watoto tulilifanya basi letu. Dereva alikaa juu ya kiti kile cha chuma, chenye matundu kama chujio, na abiria walining'inia pande zote. Nalisafiri sana juu ya trekta hilo nilipokuwa na umri wa miaka sita, wala halikusogea hata hatua moja. Nadhani ndipo ugonjwa huu uliponiingia.

Mwezi wa Julai 2020 walikuja wanunuzi wa chuma chakavu, na gari lao, na mitungi ya gesi ya kukatia. Kijiji kilikuwa kimekubali kuwauzia, ili fedha zisaidie kazi za kijiji. Nalikuwa njiani kwenda dukani, nikawakuta wakinyosha mpira wa gesi. Asubuhi ile sikuwa na nia ya kununua trekta. Nalikuwa na nia ya kununua sukari. Lakini nilipoona yule kijana amevaa miwani yake myeusi, ameinama penye gurudumu, moyo wangu ulishtuka kama mtu aonaye mzee wa ukoo akitukanwa. Nikawaomba wangoje kidogo. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwuliza, "Mzee, hawa wanatoa kiasi gani?" Akasema, "Shilingi 1,300,000." Nikasema, "Mimi natoa 1,400,000." Akanitazama muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, u mzima?"

Nikapewa siku saba. Nikakopa sehemu ya fedha, nikauza mbuzi wawili, nikalipa mbele ya kikao, nikapewa stakabadhi. Kulivuta mpaka uani kwangu kuligharimu shilingi 150,000 nyingine, maana magurudumu yalikuwa yamekamata kwa kutu, nalo liliburutwa kama ng'ombe asiyetaka kwenda machinjoni. Mama watoto alisimama mlangoni akatazama, wala hakusema neno. Wasomaji wenye wake wajua kwamba kimya cha namna hiyo si kukubali.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ufundi wa mitambo sikufundishwa chuoni. Lakini karibu nasi akaa mzee mmoja Mnyamwezi, aliyefanya kazi ya ufundi katika mashamba ya mkonge kwa miaka mingi, kisha akaoa kwetu. Umri wake wapita miaka 70. Nalimwendea kwa heshima, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu, hakuniacha nipite bure. Alisema, "Ninyi Wazaramo mwapenda ngoma tu. Trekta mtalichezea ngoma gani?" Nikamjibu, "Babu zako walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Mzigo huu wa chuma ulio karibu hivi utakushinda?" Akacheka, akachukua kofia yake, akaja.

Siku ya kwanza hakugusa spana. Alilizunguka trekta mara tatu, akapiga kwa kidole hapa na pale, akanusa mafuta ya giaboksi, kisha akaniagiza nilete makopo matupu ya maziwa, kiasi nitakachopata, na kalamu ya rangi. Kanuni yake ilikuwa hii: kila bolti itokayo huoshwa kwa dizeli, hutiwa katika kopo lake, na kopo huandikwa jina la mahali bolti ilipotoka. Alisema, "Mtu akivunja nyumba hujua matofali yake. Chuma kikifunguliwa bila kuandikwa, ni mzigo wa chuma chakavu tu, na wale vijana wa gesi hawako mbali."

Ubaya wa kwanza tuliuona penye bomba la moshi. Bomba lile lilisimama wima, wala halikufunikwa. Kwa miaka zaidi ya thelathini mvua ya masika na ya vuli ilikuwa ikiingia ndani yake. Maji yakapita penye valvu, yakashuka katika silinda, na pistoni zikagandamana na kuta zake kwa kutu. Kopo moja bovu, likifunikwa juu ya bomba lile, lingaliokoa injini nzima. Tulitia dizeli juu ya pistoni tukangoja majuma matatu. Mbili zikalegea. Ya kati ilikataa, hata tukaipiga kwa gogo la mninga polepole siku nyingi, ikatoka imepasuka.

Hapo nalitaka kukata tamaa, na pengine ingalikuwa heri kwa mfuko wangu. Lakini jambo moja lilinishika, nalo ni kwamba nilianza kuelewa. Zamani niliona trekta ni kitu kimoja kikubwa chenye nguvu. Sasa nikaona ni vitu vidogo vingi, kila kimoja na kazi yake, na kila kazi na sababu yake. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Pistoni hupanda, huikandamiza hewa ikawa moto sana, ndipo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kama ringi zimelegea, au valvu hazifungi sawasawa, hewa hutoroka, joto halipatikani, na injini haiwaki hata ukiisukuma kutwa.

Tena nikaelewa akili ya bwana Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ambaye jina lake liko juu ya trekta hili. Matrekta ya kwanza yalilivuta plau kwa mnyororo au kwa ndoana, kama punda avutavyo mkokoteni. Kwa hiyo ilibidi yawe mazito sana ili magurudumu yasiteleze, na plau likikwama penye kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson alilifunga plau nyuma kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na akatia pampu ya mafuta ya kuliinua na kulishusha. Ugumu wa ardhi unapolivuta plau, nguvu ile ile hukandamiza magurudumu ya nyuma yashike, na mkono wa juu huizuia pua ya trekta isiinuke. Hivyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya zito. Nilipolielewa jambo hili nalikuwa nimelala chali chini ya giaboksi, oili ikinidondokea shavuni, nami nikacheka peke yangu. Hiyo ndiyo furaha ninayotaka kuieleza, wala sijui kuieleza vizuri zaidi.

Huenda msomaji atauliza, kwa nini nisinunue trekta jipya? Karibu nasi pale Kibaha, katika miaka ya 1980, matrekta ya Valmet ya Ufini yaliunganishwa, na katika miaka ya 2010 yakaunganishwa ya Ursus ya Poland. Lakini bei ya trekta jipya si ya mshahara wa mwalimu. Tena hili la kale lina heri moja. Injini ya namna yake iliendelea kutumika katika matrekta mengine yaliyokuja nyuma, na matrekta ya ukoo huu yangali yakitengenezwa Pakistani na India. Kwa hiyo vipuri vyake vyapatikana Dar es Salaam mpaka leo.

Basi nikaanza safari za Dar es Salaam, siku za Jumamosi na za likizo. Nalitoka Kurui alfajiri, nikapita Kisarawe na vilima vya Pugu, mpaka Gerezani na Kariakoo, nimefunga krenki katika gunia kama maiti. Wenye mashine za kukereza waliikereza ikawa laini kama kioo, wakaingiza slivu mpya katika silinda, wakasaga valvu. Huko nalijifunza pia kwamba pistoni mbili zenye rangi moja na kasha moja zaweza kuwa za bei mbili na za maisha mawili, na kwamba mwenye duka akikuita "bosi" mara tatu, yafaa uhesabu fedha zako. Fundi mmoja, simtaji, alichukua shilingi 200,000 zangu za kupima pampu ya dizeli, akairudisha imepakwa rangi tu, ndani haikuguswa. Ikanibidi niipeleke kwingine nilipe tena.

Sasa nafika penye aibu yangu ya kwanza. Nyumba yetu wakati ule iliezekwa kwa makuti, nayo ilivuja. Mimi na mama watoto tulikuwa tukiweka akiba ya mabati, yeye kwa kuuza maandazi na mafuta ya nazi, mimi kwa mshahara. Mwaka 2022 nikapata habari ya matairi mawili ya nyuma, yaliyotumika lakini mazuri, kwa shilingi 1,100,000. Sikuwa nazo. Nikachukua zile za mabati bila kumwambia, nikijidanganya kwamba nitazirudisha kabla hajajua. Matairi yakaja juu ya gari jioni. Akatoka nje, akayatazama, akayazunguka kama fundi alivyolizunguka trekta, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Baba watoto, kumbe haya ndiyo mabati yetu. Mbona ni meusi, tena ya mviringo?"

Angalipiga kelele, ningalipata la kujibu. Usiku ule mvua ilinyesha, nasi tukainuka mara mbili kuhamisha mkeka wa watoto, na kila tulipouhamisha hatukutazamana. Asubuhi nikamwomba radhi mbele ya shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa. Shangazi akahukumu hivi: daftari la fedha za trekta litoke mikononi mwangu likae kwa mke wangu, wala shilingi isitoke bila yeye kuandika, na fedha ya kwanza itakayoletwa na trekta iwe ya mabati. Nikakubali. Nawaambia kweli, tangu siku ile kazi ilikwenda vizuri zaidi. Mara mbili alikataa kuandika, na mara zote mbili kitu kile hakikuwa cha lazima.

Wakati wa kufunga vyuma, mzee fundi alinisimulia habari za baba yake, aliyefanya kazi Urambo katika ule mpango mkubwa wa karanga. Wasomaji wengi wameusikia. Mwaka 1946 bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika ili Waingereza wapate mafuta, maana baada ya vita mafuta yalikuwa haba. Wajumbe wakaja na bwana John Wakefield kuitazama nchi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Walikusudia kulima zaidi ya eka 3,000,000, nyingi zake katika Tanganyika. Matrekta yakatafutwa kila mahali. Mengi yalikuwa yametumika vitani, yakanunuliwa Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mashine zikafika zimechoka, vipuri havikutosha, madereva walifundishwa upesi upesi, na ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu, ikayala majembe. Mwanzo wa mwaka 1951 mpango ukaachwa, nayo hasara ilifika pauni milioni 36 hivi. Baba wa mzee alikuwa akiosha vyuma katika karakana ya Urambo, na neno aliloliacha kwa mwanawe ni hili: Trekta halikuharibiwa na kazi, liliharibiwa na haraka. Nalisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nikalisahau.

Mwezi wa Februari 2023 injini ilikuwa tayari. Tulitoa hewa katika njia za mafuta, maana hewa kidogo tu yazuia dizeli: hulegezwa nati moja baada ya moja, huku mtu akipampu kwa mkono, mpaka povu liishe na mafuta safi yatoke. Nikakaa juu ya kiti kile cha utoto wangu, nikazungusha ufunguo. Likatoa moshi mweupe, likakohoa, likanyamaza. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu likashika. Watu walikuja wakikimbia kutoka visimani na mashambani. Mzee mmoja, aliyewahi kulima nyuma ya trekta lile katika shamba la wote, aliweka mkono juu ya boneti akauacha pale muda mrefu, wala hakusema kitu. Nilipotia gia na kuachia klachi, likasogea. Nalisikia mtu mzima akipiga vigelegele, nikageuka, nikaona ni mama watoto.

Furaha ile ndiyo iliyonilevya. Masika ilikuwa karibu. Siku ile ile watu wanne walikuja kuomba niwalimie mabonde yao ya mpunga, nao wakatoa fedha za mbele. Mmoja wao alikuwa shangazi. Fundi akasema, "Ngoja. Injini mpya yataka kuzungushwa polepole siku kadhaa, kisha tukaze tena bolti za kichwa cha silinda, na rejeta ile siiamini." Nikamjibu kwamba mvua haingoji. Nikatoka asubuhi iliyofuata bila yeye.

Siku mbili nalilima vizuri, nikamaliza shamba la mtu mmoja, na udongo mweusi uligeuka nyuma yangu ukimetameta, na ndege weupe wakafuata. Siku ya tatu, katikati ya bonde la shangazi, naliona mvuke. Sindano ya joto nalikuwa sikuitengeneza, kwa kubana matumizi. Rejeta ilikuwa imevuja mpaka ikakauka, gasketi ya kichwa ikaungua, maji yakaingia katika oili. Trekta likasimama pale, nami nikasimama karibu nalo.

Gasketi, oili mpya na kuziba rejeta havikuwa ghali sana. Lakini kichwa cha silinda kilikuwa kimepinda, ikabidi kipelekwe Dar es Salaam kunyoshwa, kisha kingoje zamu yake, na zamu yake ilikuwa majuma matatu. Masika ikaanza. Wale wanne walikuwa wameweka majembe yao ya mkono kando kwa kuniamini mimi. Kama nisingaliwaahidi, wangalikuwa wamekwisha kulima nusu. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi katika daftari, nami naiona ni kubwa kuliko zote: siku za mvua za watu wengine.

Nalikwenda kwa kila mmoja nikarudisha fedha yake. Wawili walinisamehe, mmoja alinisema, na alikuwa na haki. Shangazi alisema tu, "Mwanangu, fedha nitaifanyia nini? Fedha hailimi." Usiku sikulala. Asubuhi nikachukua jembe la mkono, nikaenda bondeni kwake, nikaanza kulima karibu na trekta lile lililokufa. Baada ya saa moja nalisikia jembe la pili. Alikuwa mama watoto. Baadaye kidogo akaja mzee fundi na jembe la tatu, na utani wake. Akasema, "Huyu Mzaramo ana trekta la nguvu za farasi zaidi ya thelathini, naye alima kwa nguvu za mwalimu mmoja." Tulicheka, hata shangazi akacheka. Kwa siku tisa, kila jioni baada ya shule na Jumamosi kutwa, tulilima. Bonde likapandwa, limechelewa, lakini limepandwa. Wale wengine wawili nikawalimia sehemu vivyo hivyo, kwa kadiri ya nguvu zangu.

Kichwa kiliporudi, tulikifunga kwa kanuni zote za mzee. Tulikaza bolti kwa mpango, tukazungusha injini polepole siku tano, tukakaza tena, tukatia sindano mpya ya joto, na juu ya bomba la moshi tukatia kifuniko. Tangu wakati ule limelima misimu yake bila kunisaliti, ingawa nalikuwa mimi niliyelisaliti kwanza.

Sasa hesabu, kwa wale walioniuliza. Mama watoto amenipa ruhusa ya kuifungua daftari. Trekta lenyewe na kulivuta, shilingi 1,550,000. Vyuma vya injini na kukereza, 1,630,000. Pampu ya dizeli na nozeli, pamoja na zile 200,000 zilizopotea, 620,000. Klachi na pampu ya kuinulia plau, 800,000. Matairi manne, 1,420,000. Betri, stata, nyaya na rejeta, 800,000. Plau la sahani mbili, lililotumika, 850,000. Oili, grisi, dizeli ya kuoshea na rangi, 330,000. Ujira wa fundi, 1,200,000, ingawa alistahili zaidi. Nauli zangu, 400,000. Jumla ni shilingi 9,600,000, na gharama ya ile gasketi haimo, maana hiyo nalilipa mwenyewe kama adhabu.

Kwa kulima eka moja natoza shilingi 60,000. Eka moja hula dizeli ya shilingi 22,000 hivi, maana tangu mwaka 2022, bei ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, dizeli ndiyo bwana wa kila mwenye injini. Msaidizi hupata 8,000, na 6,000 huwekwa kwa oili na matengenezo. Zabaki 24,000. Gawanyeni wenyewe: yapasa nilime eka 400 ndipo fedha zangu zirudi. Kwa kuwa sipati zaidi ya eka 40 kwa mwaka, hiyo ni miaka kumi. Katika miaka hiyo kumi matairi yatakwisha, nami nitakuwa na mvi. Mtu anayetafuta faida ya fedha peke yake na anunue kuku.

Lakini nikiulizwa kama najuta, najibu kwamba najuta mambo mawili tu, yaani fedha za mabati nilizozichukua kwa siri, na haraka yangu ya Februari. Kazi yenyewe siijutii. Jioni nyingi nilizokaa na mzee yule, taa ikining'inia katika mwembe, nalijifunza kwa mikono yangu mambo niliyoyafundisha kwa mdomo miaka mingi. Sasa nikifundisha uwiano, nawaleta watoto uani. Nawaonyesha gia yenye meno 20 ikizungusha yenye meno 60, nao wahesabu wenyewe kwamba ya kwanza huzunguka mara tatu na ya pili mara moja, na kwamba mwendo unaopotea haupotei bure, hugeuka kuwa nguvu. Msichana mmoja aliniuliza mwaka jana, "Mwalimu, naweza kuwa fundi?" Nikamwambia aende akamwulize mzee. Sasa kila Jumamosi yeye ndiye anayeosha bolti na kuandika makopo.

Mabati nayo yamekwisha kuezekwa. Yalilipwa kwa fedha za kulimia za msimu wa kwanza mzima, kama shangazi alivyohukumu, na usiku wa mvua twalala.

Kama yuko msomaji aliye na trekta la kale chini ya mti, na moyo wake wamsumbua, nampa shauri hili. Kwanza azungushe injini kwa mkono. Ikiwa imekamata, na ahesabu gharama yake mara mbili. Pili, atafute fundi mzee mwenye subira kabla hajatafuta vipuri. Tatu, daftari alishike mtu mwingine asiyelipenda trekta. Nne, asimwahidi mtu eka hata moja mpaka amelilima shamba lake mwenyewe kwa mwezi mzima. Na kama hata hizo fedha za kuanza hana, basi leo jioni na aende akafunike bomba la moshi kwa kopo. Hiyo haina gharama, na mtu atakayekuja nyuma yake atamshukuru.